Kushoto Kumezidi

4 Machi

Dada Fundi,

Kifurushi kimefika salama, na gauni la yule mama wa benki limemkaa mpaka akasahau kurudi kazini. Amejigeuza kwenye kioo mbele, nyuma, ubavu, akasema huyo fundi wenu ana macho kwenye vidole. Sikumwambia kwamba kiuno chake nilikuandikia vibaya. Mimi niliandika thelathini na nne, wewe ukashona thelathini na sita, na ndicho kiuno chake. Sijui huwa unajuaje.

Vipimo vya wateja wa wiki hii viko kwenye karatasi nyingine. Hii ni ya mimi na wewe, kwa hiyo kaa chini, weka mkasi mbali, na tafadhali usisome kwa sauti. Ndiyo maana sikupigii simu. Tangu kile kiwanda cha nguo kikuharibu masikio, kuongea na wewe kwenye simu ni mkutano wa hadhara, na simu yenyewe ukiiacha mezani kila fundi anasoma ujumbe wako.

Nakwenda kupasuliwa. Siumwi, tulia. Nakwenda kuongezwa matiti.

Haya, nimeshasema.

Chiriku aliponyonya aliondoka hata na kile kidogo nilichokuwa nacho. Sasa ana miaka mitatu, anaongea kutwa kama redio, na mimi nimebaki na ngozi. Hapa dukani kazi yangu ni kuvaa nguo wateja wazione, wewe unajua. Kifuani nguo inalala tu kama shuka kwenye kamba. Juzi mama mwenye duka alinivua lile gauni la bluu mbele ya watu, akamvisha sanamu ya dirishani. Akasema, "Hapa ndipo litauzika." Hakusema kwa ubaya, dada. Alisema kama mtu anayehamisha kiti, na hicho ndicho kilichoniuma.

Baba Chiriku hajui na hatajua mpaka arudi. Yuko huko machimboni na mtambo wake hadi katikati ya mwezi wa tano. Atakuta mambo yamekwisha. Hela usiniulize, ni za jasho langu.

Usinune.

Mdogo wako,
Ubao

11 Machi

We Ubao!

Barua yako nimeisomea chooni, ndiko pekee kusiko na watu hapa kwangu, na bado nilipofika pale pa kupasuliwa nikapiga ukelele mpaka fundi wa cherehani ya pili akaja kugonga mlango akidhani nimeanguka. Nimemwambia nimeona mende. Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwanamke mzima anayelia kwa ajili ya mende, ahsante sana.

Kuongezwa! Utafikiri ni mchuzi. Mdogo wangu, mama alipotutoka ulikuwa na miaka tisa. Nimekuogesha mimi, nimekusuka mimi, nguo yako ya kwanza ya shule nimeishona kwa mkono kabla sijawa na cherehani. Huo mwili naujua kuliko unavyoujua wewe, na sijauona una kasoro.

Halafu nimekaa, nikakumbuka kitu. Jina la Ubao nilikupa mimi. Siku ile ulipovaa sidiria yangu, ukaijaza soksi, ukaenda nayo shuleni, soksi moja ikashuka mpaka tumboni. Tulicheka wiki nzima. Na wewe ulicheka. Au hukucheka? Nijibu hilo.

Kuhusu kiuno cha mama wa benki: unapima watu kama unafunga godoro. Mteja akivuta pumzi ndani, wewe unaandika pumzi. Nilijuaje? Mtu mwenye nyonga zile hawezi kuwa na kiuno kile. Namba zako nazisoma kwanza, halafu nazisawazisha. Bega moja umeniandikia refu kuliko jingine, nachukua linaloingia akilini na kulifuata pande zote mbili. Bila hivyo hilo duka lingeshafungwa na mama mwenye duka angekuwa anauza vitumbua. Miili ya watu haina adabu, haiko sawa kushoto na kulia, lakini nguo lazima ikae sawa. Hiyo ndiyo kazi.

Mwambie mumeo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hata kama hayo si maradhi, kisu ni kisu. Na niandikie yote daktari atakayosema, si yale unayotaka mimi niyasikie.

Dada yako,
Fundi

20 Machi

Dada Fundi,

Sikucheka. Nilifungua mdomo tu ili mfikiri nacheka. Lakini ni zamani, yaache.

Nimeonana na daktari. Ni mwanamke, mfupi, mikono ya baridi, habembelezi mtu. Kitu cha kwanza aliniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akaandika andika, akaniuliza tena. Mara ya pili nikataka kulia, sijui kwa nini, nikasema nimejituma.

Wamenitoa damu, wamepima moyo, wamenipitisha ile mashine ya picha kifuani kuhakikisha hakuna uvimbe. Wamenipiga picha bila kichwa, mbele na ubavu. Siku yenyewe atanichora kwa kalamu nikiwa nimesimama, kama wewe na chaki yako. Halafu nusukaputi, nalala na siamki mpaka wamemaliza. Atachana chini ya titi, pale kwenye mkunjo, ili kovu lijifiche. Atatengeneza nafasi ndani, aingize kifuko cha silikoni, ashone. Nikamwambia dada yangu anafanya hivyohivyo na mito ya makochi. Akacheka mara moja tu, nikaona ana meno.

Umesema nikuandikie yote. Nitaamka nahisi kama mtu kakaa juu ya kifua changu. Mikono haitapanda juu, hata kuchana nywele nitachanwa. Nilale chali nimeegemea mito. Chiriku nisimbebe kwa wiki sita. Nivae sidiria laini isiyo na waya, inayoshika bila kuminya. Nitavimba, ngozi itageuka rangi ya bilinganya, na titi moja linaweza kuchelewa kukaa mahali pake kuliko mwenzake. Chuchu huenda zikafa ganzi, zikarudi au zisirudi. Nikizaa tena, kunyonyesha kunaweza kuwa shida. Na vifuko si vya milele, ipo siku vitataka kutolewa au kubadilishwa, na kuna watu mwili unavijengea ganda gumu mpaka vinauma.

Kuna na mengine ya hatari, homa na nini na nini, hayo wanawasomea watu wote. Karatasi yake nimeiweka kabatini.

Maji nimeshayavulia nguo, dada. Ni tarehe mbili. Nishonee nguo za kufungua mbele. Mama jirani atamwangalia Chiriku na kunipikia.

Ubao

27 Machi

Mdogo wangu,

Nimekushonea gauni tatu za kufungua mbele, vifungo vikubwa ili vidole vyako vivikute bila kuinua mkono. Kitambaa ni kile laini nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya sikukuu yangu. Usinishukuru.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nikafikiri, mtu amekaa mbele ya daktari akahesabiwa yote hayo, na bado akasema sawa. Basi alikuwa anaumia kuliko nilivyojua. Kwa hiyo sisemi tena.

Ila ile siku ya soksi, nisamehe. Nilikuwa mtoto ninayelea mtoto.

Tarehe mbili sifungui. Nitakaa nyumbani na mdomo wangu nimeufunga, sijui kama mtaa utanitambua.

Fundi

9 Aprili

Dada Fundi,

Niko hai! Mwandiko mbaya ni kwa sababu naandika na kiwiko kimebanwa ubavuni kama kuku.

Ukitaka uzuri sharti udhurike, na mimi nimedhurika. Siku za kwanza ilikuwa kama kifua kimekazwa kwa kamba na mtu anaendelea kukaza. Kukohoa, usithubutu. Kucheka, usithubutu, na mama jirani ndivyo anavyochekesha. Nikitaka kuinuka ananishika mgongo kama mgonjwa wa miaka tisini. Chiriku alinirukia mara moja, tukalia wote wawili, sasa anakaa mlangoni ananitazama na kuniuliza, "Mama, umevunjika?"

Lakini dada. Jana niliruhusiwa kuoga. Nimesimama mbele ya kioo cha kabati. Yamevimba, yana rangi za ajabu, yako juu sana karibu na shingo, daktari anasema yatashuka. Hata hivyo nikajitazama ubavu, nikaona kuna mtu pale. Nimevaa gauni lako la kwanza, na kifuani halikulala. Nimekaa kitandani nikalia kwa furaha, mpaka mshono ukauma nikaacha.

Nilirudi kukaguliwa, mshono safi, nirudi tena mwisho wa mwezi.

Shida ni ile sidiria ya hospitali. Ni moja tu, nikiifua nakaa bila. Naomba unishonee nyingine kwa kipimo changu. Kipimo changu! Hebu ona, sasa nina kipimo.

Ubao (bado sijapata jina jipya)

14 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nimecheka, nimelia, nimewaambia mafundi kwamba mdogo wangu kajifungua salama. Mmoja kauliza mtoto gani. Nimesema mapacha. Mungu anisamehe.

Sidiria nitakushonea tena nzuri kuliko ya hospitali, pamba tupu ndani, kulabu mbele, mikanda mipana. Itakushika vizuri mpaka usahau kama umepasuliwa. Nataka vipimo viwili, basi. Weka kichwa cha utepe katikati ya kifua, upitishe juu ya titi mpaka ubavuni chini ya kwapa. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Usivute, usilegeze, usipime juu ya gauni kama kawaida yako. Kama mikono haifiki, mama jirani akushikie utepe.

Kula. Usinyanyue hata sufuria.

Fundi wako

20 Aprili

Dada,

Vipimo: kulia inchi kumi. Kushoto kumi na moja na nusu. Kushoto kumezidi. Shona hivyohivyo.

Mimi sijambo. Nalala sana, na joto la siku hizi limenizidi. Mama jirani kasafiri kwa mwanawe, namtuma Chiriku maji, anamwaga nusu njiani na kunihadithia safari nzima. Baba Chiriku ameandika ujumbe kwamba anakuja mapema kuliko nilivyofikiri.

Nataka akute niko vizuri.

Ubao

24 Aprili

We Ubao, utajua lini kupima?

Kumi na kumi na moja na nusu! Inchi na nusu nzima kwenye kifua cha mtu mmoja! Nimecheka peke yangu. Au ulimpa Chiriku utepe? Najua umepima umelala upande, ukavuta huku ukalegeza kule. Usijali, ndiyo kazi yangu. Nimesawazisha, nimeshona kumi kwa kumi, na matiti yako yatakaa sawa kama maandazi ya sinia moja.

Na kama kweli kushoto kuna uvimbe kidogo, daktari si alisema moja linaweza kuchelewa? Mimi nilipopasuliwa uzazi upande mmoja wa tumbo ulivimba mwezi mzima, nikafunga kanga kwa nguvu, ukashuka. Uvimbe unataka kubanwa tu. Kwa hiyo sidiria hii vaa usiku na mchana, usiivue hata ukiona imekubana siku za mwanzo. Nguo mpya hubana, halafu mwili unaizoea.

Mumeo akirudi nitumie picha. Hapana, usitume kwenye simu! Niandikie alivyokodoa macho.

Fundi wako anayekupenda

3 Mei

Shemeji,

Salamu. Sijawahi kukuandikia, niwie radhi kwa mwandiko. Nimekupigia simu mara nyingi tangu juzi. Ukipokea unasema, "Haloo, kitambaa kipo, njooni," kisha unakata. Kwa hiyo naandika, na barua hii nimempa mtu akuletee mkononi.

Mdogo wako yuko hospitali. Hali yake ni mbaya.

Nilifika nyumbani juzi mchana. Nilimkuta Chiriku amekaa mlangoni mwa chumba. Badala ya kunirukia aliniambia, "Baba, mama hagusiki." Mke wangu alikuwa amelala chali kwenye mito, amejifunika mpaka shingoni na nje jua linachoma. Chumba kilikuwa na harufu. Alitabasamu, akasema amenipikia, na jiko lilikuwa halijawashwa. Nilimshika paji la uso nikaurudisha mkono.

Nikafunua. Shemeji, mimi nilikuwa sijui lolote. Sikuelewa ninachokiona. Alikuwa na nguo imemkaza kifua, kulabu mbele, na upande wa kushoto nyama imevimba imefurika juu ya mkanda, nyekundu, kwingine nyeusi. Kulabu hazikufunguka kwa sababu usaha ulikuwa umekauka juu yake. Nikamuuliza hiki nini. Akasema, "Dada kashona. Kasema nisivue." Nimeikata kwa mkasi wa jikoni. Niliona ni kazi ya mikono yako, mshono wake mzuri. Samahani.

Walimwingiza kwenye chumba cha upasuaji moja kwa moja. Kifuko cha kushoto kimetolewa, na nyama iliyokuwa imekufa imekatwa. Yule daktari wake mfupi alikuja, akaniambia kwamba alimwonya waziwazi: upande mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukapata moto na homa, aje siku hiyohiyo. Alimfanya arudie kwa mdomo wake mwenyewe. Anasema nguo haikuleta usaha, usaha ulikuwepo. Ila ngozi iliyokuwa imechoka ikabanwa, damu ikakosa njia, na kidonda kikafunuka. Mimi ni mtu wa mitambo, nakuandikia kama alivyosema.

Sumu imeingia kwenye damu. Wanasema tusubiri, hawasemi zaidi.

Alipozinduka kidogo nilimwambia nitakuita. Akasema usije. Nilimuuliza tena, akasema hivyohivyo. Sijui kuna nini kati yenu, na si kazi yangu kujua. Nakufikishia tu.

Jambo moja nataka ulijue wewe uliyemlea. Mimi sikumwomba. Sikuwahi kumwona amepungua.

Shemeji yako

6 Mei

Mdogo wangu,

Umesema nisije. Nimefunga begi mara mbili, nimelifungua mara mbili. Naandika, mumeo atakusomea.

Karatasi yako ya vipimo ilikuwa bado kwenye msumari juu ya cherehani. Nimeitungua. Umeandika kwa mkono wako kwamba kushoto kumezidi, na umeandika nishone hivyohivyo. Juu yake nimepiga mstari kwa kalamu yangu nyekundu, nikaandika kumi, kumi. Nakumbuka nilikuwa naimba. Nilikuwa naimba, mdogo wangu, huku nakushonea kitu cha kukuua.

Nimewapima wanawake maisha yangu yote. Naona mjamzito kabla hajajijua, kwa utepe tu. Hali yako sikuiona. Niliona unavyopima ovyo, niliona unavyonichekesha, nikamwona Ubao. Sikukuona wewe.

Kwa nini hukusema? Naomba unisamehe kuuliza, lakini nauliza. Neno moja tu, homa, lingenitoa hapa kwa miguu.

Usife. Nakuamuru kama nilivyokuwa nakuamuru ulale.

Dada yako

28 Mei

Mdogo wangu,

Shemeji ameniandikia mistari miwili kwamba umetoka hatarini na umerudishwa nyumbani. Nimepiga magoti hapohapo kwenye vitambaa.

Wewe hujaniandikia. Sikulazimishi.

Kazi za duka nimewapa mafundi wengine. Mimi nashona mashuka na mapazia, vitu vya mistari minne vilivyonyooka. Mtu akija na mwili namwambia kazi zimejaa.

Dada yako

19 Juni

Dada Fundi,

Barua zako zote ninazo. Ya tarehe sita ya mwezi wa tano baba Chiriku alinisomea nikiwa na mipira ya dripu mikononi, nikageuka ukutani. Nisingeweza kuijibu. Leo naweza.

Uliuliza kwa nini sikusema. Nilijua, dada. Ile tarehe ishirini nilikuwa tayari na homa siku kadhaa, upande wa kushoto unawaka, na karatasi ya daktari iko kabatini na nimeshaikariri. Nilijua nikienda watakitoa. Na mimi nilikuwa nimekaa na kifua changu siku chache tu. Nikanunua vidonge duka la dawa, nikajiambia vitasaidia, mume wangu anakuja, anione hata siku moja tu nikiwa nimetimia, halafu watanipasua wanavyotaka.

Lakini niliogopa pia. Kusema nikashindwa, maana tangu mwanzo nilikuwa nimejifanya jasiri. Ndipo ukaniomba vipimo. Nikafikiri, dada anasoma namba kuliko maneno. Nikapima vizuri, mara ya kwanza maishani mwangu. Chiriku ndiye aliyeshika kichwa cha utepe. Nikaandika kushoto kumezidi. Nikawa nasubiri kila siku gari la mizigo linaloleta vifurushi vyako, nikijiambia akiona hii atakuja mwenyewe anipigie kelele mlangoni, anibebe mgongoni, na haitakuwa mimi niliyeamua.

Kikaja kifurushi. Nikaivaa. Iliniuma mpaka nikaona giza, na nikasema moyoni, basi, Fundi kasema ni kawaida. Fundi hakosei. Nilikuamini kuliko mwili wangu mwenyewe. Wewe ulikuwa hujui, na mimi niliyejua nilikuwa nataka sana mtu aniambie si kitu.

Nakulaumu. Siwezi kukudanganya, nimedanganya vya kutosha mwaka huu. Nakulaumu kidogo, najilaumu sana, na nilikuambia usije kwa sababu ningekuona ukilia ningekusamehe pale pale kabla sijakasirika, na nilitaka kukasirika kwanza. Sasa nimekasirika vya kutosha. Unaweza kuja.

Nikueleze nilivyo, usije ukashtuka mlangoni. Kulia kupo. Kushoto hakuna kitu, kuna bonde na kovu lililokunjamana kama kitambaa kilichoshonwa na uzi uliovutwa, na chuchu haipo. Mkono haufiki juu ya bega. Daktari anasema baada ya miezi mingi huenda akajaribu tena, au akatoa na cha kulia niwe sawa. Nimemwambia asinisemeshe habari za kuwa sawa kwa sasa. Hakukasirika. Alinishika mkono, na mikono yake bado ni ya baridi.

Baba Chiriku ananiosha kidonda. Juzi nilimuuliza anaona nini, akasema, "Naona kinapona," akaendelea kuosha. Machimboni hajarudi. Chiriku ananyoosha kidole anauliza lile jingine limekwenda wapi, kila siku, mbele ya wageni.

Dukani mama mwenye duka ameniambia nirudi nikae kwenye hesabu, nyuma ya kaunta. Nimemwambia nitarudi mbele, kwenye nguo, na kama hataki aniambie usoni. Amerudi kwenye daftari lake la hesabu. Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nitasimama pale pale karibu na sanamu, na nahitaji gauni.

Sitaki mto ndani. Sitaki kitambaa cha kuning'inia cha kufichia. Nataka gauni linalonikaa mimi. Acha mapazia ya watu, washa cherehani, na barua hii ukitaka isome kwa sauti, mafundi wote wasikie.

Katikati ya kifua mpaka ubavuni: kulia inchi kumi, kushoto saba na robo. Nimepima nimesimama, utepe kwenye ngozi, mbele ya kioo. Baba Chiriku ameshika ncha moja.

Usisawazishe.

Mdogo wako,
Nusu Ubao